Kusafiri na bunduki kutoka Mwanza: uipandishe ndege, uibebe kwa gari, au uiache polisi?

Mwenye bunduki ya halali hapa Mwanza akipata safari, kitu cha kwanza kushughulikia ni tiketi. Bunduki hukumbukwa jioni ya mwisho, mabegi yakishafungwa, na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hufanya mambo ya hatari: bastola inasukumwa chini ya godoro, shotigani inapelekwa kwa shemeji Buzuruga, au risasi mbili tatu zinabaki kwenye mfuko wa begi lilelile linalokwenda uwanja wa ndege. Njia za halali zipo. Hazifanani kwa gharama, kwa usumbufu wala kwa hatari, na karibu zote zinataka maandalizi ya siku kadhaa, ndiyo maana nimeziweka hapa pamoja ili anayechagua achague mapema.

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa. Kama safari yako haihusu bunduki yenyewe, iache Mwanza, mikononi mwa polisi. Kama unakwenda kuwinda kwa kibali, kwenye mashindano ya shabaha, au unaipeleka kwa fundi anayeruhusiwa kisheria, basi kwa safari ndefu ndege kubwa ni bora kuliko barabara. Ndege ndogo na basi ndizo njia ninazomkataza mtu bila kusita.

Kwanza, shemeji hayumo kwenye orodha

Silaha za raia Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni inamtaja mtu na inaitaja silaha kwa namba yake. Haimtaji mke, kaka, mlinzi wa getini wala rafiki mnayeaminiana tangu shule. Ukiondoka na kumwachia mtu bunduki yako, umemfanya amiliki silaha bila leseni, hata kama alikuwa anakusaidia tu.

Na kosa hilo si dogo. Kukutwa na silaha isivyo halali hushtakiwa pia chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambako kifungo huanzia miaka 20 na kinaweza kufika 30. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwenye familia zetu kumwachia ndugu kitu cha thamani ni ishara ya upendo. Kwa bunduki, ni kumtia ndugu matatani. Yeye ndiye atakayekuwa nyumbani polisi wakigonga mlango, wakati wewe uko Kariakoo unanunua mzigo.

Leseni yenyewe pia iangalie kabla ya kitu kingine chochote. Ada hulipiwa kila mwaka, na aliyechelewa kulipia hana cha kuonyesha kwenye njia yoyote kati ya hizi ninazozieleza, hata ile ya kuikabidhi polisi itamletea maswali. Lipia, ndipo uanze kupanga safari.

Kuiacha: sefu ya nyumbani au ghala la polisi

Watu wengi wenye sefu nzuri huona hakuna haja ya kwenda polisi. Kwa safari ya usiku mmoja, nyumba ikiwa na watu wazima na funguo ukiwa nazo wewe mwenyewe, naelewa. Sefu iwe imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, maana sefu ndogo inayobebeka ni kumrahisishia mwizi kazi: anaondoka nayo nzima na kuivunja kwake kwa nafasi. Risasi ziwe mahali pengine.

Safari ikizidi hapo, hesabu inabadilika. Mtaani kwetu Ilemela au Nyamagana, majirani hujua nani kasafiri kabla hata basi halijatoka Nyegezi. Bunduki ikiibwa ukiwa mbali, utatakiwa kueleza uliihifadhi vipi, na utaeleza kwa simu ukiwa mkoa mwingine. Ikitumika kwenye uhalifu, namba yake inarudi kwako.

Ghala la polisi lina usumbufu wake, lakini ni usumbufu unaoisha siku hiyohiyo. Nenda kituoni kwako saa za kazi, siku ya kazi, ukiwa na leseni na kitambulisho. Bunduki iwe tupu tangu nyumbani na risasi umezihesabu. Mweleze mkuu wa kituo au ofisa wa zamu kwamba unasafiri na unaomba kuihifadhi. Wataandika aina, namba ya silaha na idadi ya risasi, nawe usiondoke mpaka umepewa karatasi yenye mambo hayo matatu, jina la aliyepokea, sahihi na muhuri. Linganisha namba iliyoandikwa na ile iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa bado hapo kaunta. Tarakimu moja iliyogeuzwa itakusumbua siku ya kuichukua kuliko unavyofikiri.

Uliza pia mtunza ghala huwepo saa ngapi. Ukirudi Jumamosi jioni, huenda ukakuta kituo kiko wazi lakini mwenye funguo za ghala hayupo, ukasubiri hadi Jumatatu. Si tatizo kama umelijua mapema.

Jambo moja linalosahaulika ni kutu. Hewa ya ziwani ina unyevu, na chuma kilicholala bila kuguswa hukamatwa upesi. Kabla ya kuikabidhi, safisha mtutu, pitisha kitambaa chenye mafuta ya bunduki nje na ndani, halafu itoe kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma, na sponji ya kasha hufanya vivyo hivyo. Ikabidhi kwenye mfuko wa kitambaa kikavu kilichopakwa mafuta kidogo. Bastola iliyoachwa ndani ya ngozi mwezi mzima hurudi na madoa ya kahawia kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki.

Ndege kubwa: Mwanza hadi Dar

Kwa ndege za Air Tanzania na Precision Air, safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama saa moja na nusu, wakati barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa bunduki, tofauti hiyo ina maana kubwa: saa chache za kuwajibika badala ya siku nzima na usiku wake.

Kanuni ya msingi ni moja dunia nzima, imewekwa kwenye Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago kinachohusu usalama wa anga. Silaha ya abiria husafiri tu pale ambapo mtu mwenye mamlaka na ujuzi ameikagua na kuthibitisha haina risasi, na lazima ikae mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuifikia ndege ikiwa angani. Kwa hiyo hakuna kuingia nayo ndani, hata uwe na leseni ya miaka mingapi, hata uwe nani mtaani. Bastola, shotigani, bunduki ya upepo, hata bunduki ya bandia ya mtoto inayofanana na ya kweli: zote zinakataliwa kwenye mizigo ya mkononi.

Kasha ndilo linalotofautisha safari nyepesi na safari nzito. Liwe gumu, la plastiki nene au bati, na lifungwe kwa kufuli kwenye kila tundu la kufuli lililopo. Lijaribu nyumbani: funga kufuli, kisha ingiza vidole kwenye kona na uvute. Kona ikifunguka kiasi cha kidole kupita, kasha hilo halifai, hata kama kufuli ni kubwa. Boksi ambalo bunduki ilikuja nalo dukani mara nyingi hushindwa jaribio hili. Funguo ukae nazo wewe, uzitoe tu pale afisa anapotaka kukagua mbele yako.

Risasi zina hesabu yake. Kanuni za kimataifa za bidhaa hatarishi zinaruhusu abiria kubeba risasi za matumizi yake mwenyewe kwenye mzigo unaowekwa tumboni mwa ndege, zisizidi kilo 5 pamoja na boksi zake, kwa ridhaa ya shirika la ndege. Ni risasi za kawaida tu. Zenye vichwa vya kulipuka au kuwasha moto haziruhusiwi. Na abiria wawili hawawezi kuunganisha kilo zao kuwa furushi moja la kilo 10.

Kilo 5 ni ngapi? Boksi la risasi 25 za shotigani ya geji 12 lina zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo boksi nne zinakaribia kabisa kikomo. Boksi la risasi 20 za .375, ambazo ni za mnyama mkubwa, huwa karibu gramu 900. Risasi 50 za bastola ya milimita 9 ni kama gramu 600. Pima kwa mizani ya jikoni kabla hujatoka, usibahatishe. Ziwe kwenye boksi zake za kiwandani au boksi lenye kishimo cha kila risasi, siyo zimemwagwa kwenye soksi au mfuko wa nailoni. Magazini, yaani kile kisanduku cha kujazia risasi, nayo iwe tupu.

Hapa lazima niseme neno kwa wenye magobore, maana kanda yetu wapo wengi. Gobore lenye leseni linaweza kuombewa kusafiri kama bunduki nyingine. Baruti yake haiwezi. Ruhusa ile ya kilo 5 ni ya risasi zilizokamilika tu, wala haigusi baruti ya unga wala fataki za kuwashia. Hazipandi ndege, si mkononi, si tumboni, si kidogo. Mwenye gobore anayekwenda mbali kwa ndege ajue atatua na mtutu usio na chakula.

Sasa utaratibu wenyewe. Anza na OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yako: mweleze unakwenda wapi, kwa nini na kwa siku ngapi, uombe kibali cha maandishi kinachotaja silaha kwa namba. Kisha pigia shirika la ndege siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari. Shirika lina haki ya kukataa, na lina haki ya kuweka masharti makali kuliko ya kimataifa, kwa mfano kutaka risasi ziwe kwenye kasha tofauti na bunduki. Jibu lao liwe kwenye ujumbe wa maandishi uwe nao kwenye simu.

Jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayakuambii ni hili. Yameandikwa kwa ajili ya Marekani, na yanasema uitaje bunduki kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo. Viwanja vyetu vina mashine ya ukaguzi mlangoni kabisa, kabla hujafika kaunta yoyote. Ukisubiri kaunta, umechelewa: kasha limeshapita kwenye skana, picha ya bunduki imeshatokea kwenye skrini, na kijana aliyekaa pale hajui wewe ni nani. Kwa hiyo taarifa hutolewa mlangoni, mzigo ukiwa bado chini.

Maneno ni machache tu:

"Shikamoo mzee. Weka mzigo kwenye mkanda."

"Marahaba kijana wangu. Kabla sijauweka: humu mna shotigani, haina risasi. Risasi ziko kwenye boksi hili. Leseni na kibali hivi hapa, na shirika la ndege wanajua."

"Sawa mzee. Simama hapa pembeni, nakuitia polisi."

Subiri pembeni kweli. Usiguse kufuli, usifungue kasha ili "kuwaonyesha" watu wote waliopanga foleni, na usiseme neno bomu hata kwa utani. Utapelekwa mahali pa faragha. Kasha linafunguliwa mtutu ukielekea ukutani, afisa anaangalia chemba, yaani tundu la kukaa risasi, kwa macho na kidole, analinganisha namba na leseni, anahesabu risasi. Kama ni shotigani ya kuvunja, ile inayokunjuka katikati, iwe imeshatenganishwa: kitako, mitutu, na kile kipande cha mbele cha mbao. Bunduki iliyotenganishwa humtuliza kila mtu chumbani. Baada ya hapo makaratasi yanajazwa, kasha linafungwa tena, linapewa lebo na kwenda kwenye ndege kwa mkono wa mtu anayejulikana. Toka mjini mapema kuliko siku nyingine. Barabara ya uwanja wa ndege ukishaipita Pasiansi inaweza kuganda jioni, na wewe ndiye abiria mwenye hatua nyingi kuliko wote.

Kabla hujaondoka kaunta, uliza swali moja: Dar nitalipokea wapi, kwenye mkanda wa mizigo au ofisini? Ukishajua, nenda hapo moja kwa moja baada ya kutua. Usiende kwanza msalani, usisimame kununua vocha. Na usilifungue kasha ndani ya eneo la uwanja.

Bastola ya kujilinda, hasa

Wanaouliza zaidi habari hizi siyo wawindaji. Ni wafanyabiashara wa samaki, wa dhahabu kutoka Geita, wa mabasi na vituo vya mafuta, watu waliopewa leseni ya bastola kwa sababu hushika fedha. Wanataka kwenda nayo Dar kwa sababu wameizoea kiunoni.

Nawaheshimu na naielewa hofu yao, lakini ukweli wa safari uko hivi. Kutoka mlango wa uwanja wa Mwanza hadi nje ya uwanja wa Dar, bastola haiko nawe. Ukishaipata, utaingia benki, wizarani, mahakamani, hospitali, kwenye jengo la ofisi lenye mlinzi na mashine. Kote huko haiingii. Kwa hiyo itabaki kwenye gari la kukodi au kwenye sefu ya hoteli, ambayo meneja ana ufunguo wake wa pili. Umeitoa kwenye mikono salama ya Mwanza ukaipeleka kwenye droo ya Kinondoni. Kama hofu ni fedha, tuma kwa benki, usafiri mikono mitupu. Kama hofu ni mtu fulani anayekufuatilia, hilo ni la kupeleka polisi kabla ya kununua tiketi.

Kwa hiyo kwa bastola ya kujilinda, kati ya ndege na ghala la polisi, mimi sioni mashindano.

Ndege ndogo: Bukoba, Geita na visiwani

Safari fupi nyingi za juu ya ziwa hufanywa na ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan. Mashirika mengi ya ndege za aina hii huruhusu kilo 15 za mzigo na hupendelea begi laini, kwa sababu nafasi ya mizigo ni ndogo na huwa kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege au nyuma ya viti vya mwisho. Hapo ndipo penye tatizo. Kanuni inataka silaha iwe mahali pasipofikiwa na mtu. Nyuma ya kiti cha mwisho panafikiwa. Sanduku la chini halifikiki, lakini kasha refu gumu la bunduki huenda lisiingie, na likiingia limekula nafasi na kilo za abiria wengine.

Shotigani iliyotenganishwa kwenye kasha fupi inaweza kukubaliwa, ukiomba mapema na rubani akiridhia. Bunduki ndefu ya kuwindia, sahau. Na kama unakwenda Rubondo, usiulize kabisa: ni hifadhi ya taifa, silaha ya mgeni haina kazi kule.

Bukoba sasa ina njia nyingine nzuri zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikila masaa imekwisha. Kwa mwenye gari lake, Mwanza hadi Bukoba kupitia Geita ni safari ya mchana mmoja. Kwa silaha, naichagua hiyo kuliko Caravan.

Kwa gari lako, kwa basi, kwa meli

Gari binafsi lina uhuru mkubwa na lina mtego mmoja mkubwa. Uhuru ni kwamba kasha limefungwa, limekaa buti, risasi ziko mbali nalo, na leseni na kibali viko mfukoni kwa ajili ya askari wa njiani. Ukisimamishwa, sema mapema kama ulivyosema uwanja wa ndege, mikono ikionekana. Safari ikikulaza njiani, silaha hailali garini. Ihifadhiwe kituo cha polisi cha mji huo kwa utaratibu uleule wa karatasi na muhuri, kisha asubuhi uichukue.

Mtego ni hifadhi. Anayekwenda Arusha kutoka Mwanza anaweza kushawishika kufuata barabara ya Musoma, apite Magu na Lamadi, kisha akate kulia geti la Ndabaka na kukatiza Serengeti. Ni njia ya kuvutia. Ukiwa na bunduki ni njia ya gerezani. Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuingia na silaha hifadhini bila kibali, na leseni yako ya kawaida siyo kibali hicho. Hakuna askari wa wanyamapori atakayeamini kwamba bunduki ya kuwindia iliyoko buti, katikati ya nyumbu, inapita tu. Na haitakiwi aamini: kazi yake ndiyo hiyo. Hapa kwetu tuna chuo cha Pasiansi kinachowafundisha askari hao, na kila tunapokwenda uwanja wa ndege tunapita karibu nacho. Wamefundishwa vizuri.

Na hili linawahusu hata wasioendesha wenyewe, kwa sababu yapo mabasi yanayotoka mkoa wa Mara kwenda Arusha kwa kukatiza humohumo. Mwenye bunduki achukue njia ya Shinyanga, Nzega, Singida, Babati. Ni ndefu kwa macho kwenye ramani, ni lami yote, na haina geti la hifadhi.

Basi lenyewe, hata lisipopita hifadhini, nalikataa. Kasha likiwekwa buti ya basi, kila kituo kondakta anafungua, watu wanashusha na kupakia, na wewe umelala kiti cha nyuma. Ukiliweka miguuni, umekaa na silaha katikati ya abiria zaidi ya hamsini usiowajua, usiku kucha. Hakuna kati ya hizo mbili inayoitwa kuhifadhi silaha.

Meli ya usiku ya kwenda Bukoba ni afadhali kuliko basi kwa mwenye chumba cha kufunga. Onyesha karatasi kwa polisi wa bandarini kabla ya kupanda, na ufuate watakachosema, hata kama ni kulikabidhi kasha mpaka asubuhi.

Kukodi huko uendako

Kwa mwindaji, hili ni chaguo la kweli. Kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii huwa na bunduki za kukodisha wageni kambini. Unalipa fedha, unaokoa kibali cha safari, ukaguzi wa uwanja, kasha na wasiwasi. Unapoteza kitu kimoja: bunduki uliyoizoea, ambayo bega lako linajua pigo lake. Kwa mnyama hatari, mazoea hayo yana thamani ya uhai, kwa hiyo anayekwenda kwenye nyati naelewa akibeba yake. Anayekwenda kwa kanga na kwale, akodi au aazime kwa utaratibu wa kambi. Kibali cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kinahitajika kwa vyote viwili, na kabla ya kulipa chochote omba kampuni ikuonyeshe kwamba bunduki hiyo ina leseni inayoruhusu matumizi hayo.

Ukivuka mpaka

Leseni ya Tanzania inaishia mpakani. Hakuna leseni moja ya Afrika Mashariki, hata kama Entebbe ni ng'ambo tu ya ziwa letu. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku huko mwaka 1977, kwa hiyo hata sababu ya mwindaji ya kupeleka bunduki haipo. Kubadilisha ndege Nairobi ukiwa na bunduki kunahitaji ruhusa ya Kenya hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa hiyo tafuta tiketi yenye nchi chache njiani. Kila kituo cha kubadilisha ndege ni sheria nyingine kamili.

Afrika Kusini humtaka mgeni aombe kibali cha muda cha kuingiza silaha kupitia polisi wao, kwa fomu ya SAPS 520. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997, na mgeni mwenye bunduki ya kuwindia huombewa kibali na mkazi wa huko. Marekani, ambayo wengi hudhani haina masharti, humtaka mgeni asiye mkazi awe na kibali cha ATF, idara yao inayosimamia silaha, kwa fomu ya 6NIA, na kwa kawaida leseni ya uwindaji ya jimbo mojawapo au mwaliko wa mashindano. Ndani ya nchi ile, ndege inakubali bunduki tupu kwenye kasha gumu lenye kufuli na risasi kwenye boksi, lakini majimbo hayafanani: abiria waliokwama New York au New Jersey kwa sababu ndege imechelewa, wakalazimika kuchukua makasha yenye bastola zao, wamewahi kukamatwa ingawa walikotoka walikuwa halali.

Takwimu moja ya huko inafaa kila mtu aishike. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Sababu inayotajwa mara nyingi na wenyewe ni kusahau. Kwa hiyo begi ulilowahi kwenda nalo porini au shambani usilipandishe ndege mpaka umeligeuza ndani nje: kila mfuko, chini ya bitana, kwenye mshono. Risasi moja iliyojificha pale inatosha kukufanya ukose ndege na kutoa maelezo polisi. Mimi ningekuwa na begi maalumu la porini ambalo halisafiri kwa ndege kamwe.

Safari ya kurudi

Watu hujiandaa kwa kwenda na kusahau kurudi. Kibali cha OCD kitaje tarehe zote mbili. Shirika la ndege lipigiwe tena, kwa sababu ofisi ya Dar haijui ulichokubaliana na ya Mwanza. Risasi ulizotumia ziandikwe, ili idadi uliyoondoka nayo, uliyotumia na uliyobaki nayo zikubaliane kwenye karatasi. Maganda matupu yaache kambini, maana kwenye skana yanafanana na risasi nzima na yatakufungulia begi bure.

Aliyeiacha polisi naye aende na karatasi yake halisi, siyo picha ya simu peke yake. Aikague bunduki hapo kaunta, ahesabu risasi, alinganishe namba tena, ndipo asaini kwamba amepokea. Akishasaini, aifunge kwenye kasha na kwenda nayo nyumbani moja kwa moja.